Dawa ya Kusafisha

Maombi alikuwa mpishi msaidizi katika shule moja ya Bredäng, huko Sweden, mwanamke aliyeshavuka hamsini, na katika maisha yake hakuwahi kumwambia mtu kwamba anakwenda chooni. Akiwa na wageni alisema anakwenda kuangalia dirisha la chumbani. Wanawe walikua wakiamini kwamba chumba cha wazazi wao kina dirisha bovu ambalo kampuni ya nyumba imekataa kulitengeneza.

Kwa hiyo alipoanza kuona damu akijisaidia, alikaa nayo kimya. Alikaa nayo tangu likizo ya kiangazi mpaka miti ya Vårby gård, mtaa waliokaa, ikabaki mifupa mitupu, na pengine angeendelea hivyo kama siku moja asingepatwa na kizunguzungu mbele ya mashine ya kuoshea vyombo, akakalia kreti la glasi. Msimamizi wake akamwambia asirudi kazini mpaka aonwe na daktari.

Daktari wa kituo cha afya alikuwa binti mdogo mwenye maswali makubwa. Maombi aliyajibu yote huku akitazama bango la ukutani lililoonyesha namna ya kunawa mikono. Mwisho akaambiwa atapelekwa hospitali, apitishiwe kamera kwenye utumbo mpana, na kwamba kabla ya hapo utumbo uwe umesafishwa. Akatoka duka la dawa na pakiti mbili za unga mweupe, akazificha ndani ya buti za baridi.

Mumewe, Urbain, aliambiwa tu kwamba Ijumaa mke wake ana *rendez-vous*, miadi ya daktari, ya mambo ya wanawake. Urbain hakuuliza tena, kama Maombi alivyotarajia.

Mtu wa kuogopwa alikuwa dada mkubwa wa Urbain, Denise. Maombi alimwita Yaya Denise, maana kwao Uvira yaya ni kaka au dada mkubwa. Rafiki yao Winifrida, mtu wa Bukoba, alimaliza mwaka mzima akidhani Denise aliwahi kuajiriwa kuwalea watoto wa Maombi. Denise aliongoza kikundi cha maombi cha akina mama, na hakuwa mbaya. Tatizo lake lilikuwa kuamini kwamba sala isiyo na maelezo kamili haifiki. Mzee Gratien alipougua bawasiri, Denise alimwombea kwa kipaza sauti katika ukumbi wao wa ibada wa Skärholmen, akataja jina la mgonjwa, jengo analokaa, ghorofa, na upande gani unauma zaidi. Gratien alipona, lakini tangu hapo husali Södertälje, mji mwingine kabisa.

Alhamisi Maombi alibaki nyumbani, akinywa supu ya maji matupu kama alivyoelekezwa. Saa sita mchana alifuata karatasi ya maelekezo neno kwa neno. Kiswidi alikisoma vizuri, maana kila siku kazini husoma chakula gani kina karanga na kipi hakina. Alimimina pakiti ya kwanza kwenye kikombe cha maji, akakoroga, kikombe kikapata moto mkononi kama chai. Karatasi ilikuwa imesema kitapata moto. Alisubiri kikapoa, akanywa. Kilikuwa na ladha ya chungwa la mtu ambaye hajawahi kuliona chungwa. Baada ya muda dirisha la chumbani lilianza kuhitaji kuangaliwa mfululizo.

Giza lilikuwa limeshaingia, kama linavyoingia Novemba hata kabla watu hawajatoka kazini, kengele ya mlango ikalia. Walikuwa akina mama watatu wa kikundi, ambao jioni ile walipaswa kusali kwa Josiane: Denise, Winifrida, na Josiane aliyebeba sufuria ya pondu, yaani kisamvu, aliyoizungushia taulo.

"Kwa Josiane mutoto ametoka tetekuwanga," alisema Denise, akivua viatu. "Kwa hiyo Bwana ametuleta kwako."

"Karibuni," alisema Maombi, kwa kuwa hakuna neno lingine.

Wakakaa jikoni. Josiane akafunua sufuria. Maombi alisema leo hatakula, na alipoona macho ya Denise yamemkaza akaongeza upesi kwamba amefunga.

"Umefunga!" Denise aliweka kijiko chini. "Na hukutuambia. Mnaona, mabibi? Mwenzetu amefunga peke yake. Basi leo hatutaharakisha."

Hawakuharakisha. Waliimba, wakasoma, wakaomba kwa zamu, na Denise alipoomba alipita nchi baada ya nchi. Maombi alikwenda kuangalia dirisha, akarudi, akaenda tena. Mara ya nne Winifrida alimwuliza kwa upole kama wampigie simu fundi.

Kisha ikafika saa ya pakiti ya pili.

Glasi zilikuwa kabatini juu ya kichwa cha Denise. Kijiko kilikuwa kwenye droo ambayo Josiane ameiegemea. Kuchukua glasi na kijiko na kwenda navyo chooni mbele ya wanawake watatu ni jambo ambalo lingehitaji maelezo, na maelezo yangefika Skärholmen Jumapili. Tena kulikuwa na kukoroga, na kusubiri ipoe, na yeye alikuwa ameshatoweka mara nyingi mno. Akachomoa pakiti kwenye buti, akajifungia chooni, akafungua maji ya bomba yapige kelele.

Alikumbuka shangazi yake wa Uvira, aliyekuwa akiwapa dawa ya unga ya kuumwa kichwa: ulimi nje, unga juu, maji nyuma yake, kwisha. Hakuna aliyewahi kukoroga kitu. Tumbo si ndilo litakalokoroga? Maombi alitoa ulimi, akamimina pakiti yote.

Unga ulimshika mdomo mzima kama saruji. Aliinama kwenye bomba, akapiga funda kubwa la maji.

Hapo ndipo ulipochemka. Kile kilichokipasha kikombe moto mchana sasa kilikuwa kinatendeka mdomoni mwake, na mdomo hauna mkono wa kushikia. Povu la moto lilipanda puani na kushuka kooni. Alitema, nusu ikatoka, nusu ilikuwa imeshakwenda. Aliongeza maji, na maji yakaukuta unga uliobaki chini ya ulimi. Machozi yalimtoka bila kulia. Alitaka kupiga kelele, na, ukweli usemwe, hakutaka pia: wageni walikuwa upande wa pili wa mlango. Alivuta maji ya choo ili sauti za kutema zisisikike, akajifuta uso, akatoka.

Jikoni walikuwa wamesimama, wamefumba macho. Maombi alijishikilia kwenye friji. Mate yalikuwa yanamtiririka na hakuweza kuyameza. Kila alipovuta pumzi kulitoka mlio mwembamba, kama mtoto anayepuliza kifuniko cha kalamu.

Denise alifumbua macho, akamwona, akainua mikono yote miwili.

"Ameguswa!" alisema. "Ameguswa! Josiane, imba!"

Josiane akaimba. Winifrida, ambaye huomba jicho moja likiwa wazi, kwa sababu anafanya kazi katika nyumba ya wazee na hajawahi kuacha chumba chenye watu wanane bila kukitazama, aliangalia mate, akasikiliza ule mlio, akaufumbua mdomo wa Maombi kwa kidole gumba. Ndani kulikuwa kweupe na kumevimba.

"Jamani, hebu nyamazeni," alisema. "Huyu hapumui vizuri. Dada Maombi, usilale. Kaa wima, inama mbele. Nani ana simu yenye chaji?"

Akapiga 112, namba ya dharura. Josiane, ambaye hakuwa ameambiwa aache, aliendelea kuimba, ila kwa sauti ya chini, mpaka wahudumu wa ambulansi walipoingia na viatu vyao.

Denise alipanda naye. Wakati Winifrida anabishana kwamba yeye ndiye mwenye ujuzi, Denise alikuwa ameshakaa na kufunga mkanda. "Mimi ndiye familia," alisema, "na mimi ndiye nitakayetafsiri." Maombi alijua Kiswidi kuliko Denise, lakini hilo halikuwa na msaada tena, maana hakuwa na sauti katika lugha yoyote.

Hospitali walimkalisha kitandani, wakamfunika kinyago chenye mvuke wa dawa. Daktari wa zamu, mwanamume mrefu aliyeongea polepole, alimpitishia puani waya mwembamba wenye kamera, akatazama kwenye kioo cha mashine, akaacha kuongea polepole.

"Amekunywa nini?" aliuliza.

"Hajanywa kitu," alisema Denise. "Amefunga."

"Huku ndani kumeungua. Nahitaji kujua amekunywa nini, na nahitaji kujua sasa hivi."

Maombi aliashiria apewe kalamu. Nesi akampa, na nyuma ya bahasha. Kwa kuwa Denise ndiye aliyekuwa ameinama juu ya mkono wake, na kwa kuwa mtu akiwa anakosa hewa hurudi kwenye lugha yake, Maombi aliandika kwa Kiswahili. Hata katika hali hiyo aliona aibu na neno la mwisho, akasita kidogo. Aliandika: *dawa ya kusafisha*. Kabla hajaweka neno la mwisho pumzi ikakwama, mashine ikaanza kulia, nesi akamnyang'anya kalamu na kumrudishia kinyago.

Denise alisoma. Rangi ikamtoka.

"Rengöringsmedel," alimwambia daktari. Ndilo neno wanalotumia Waswidi kwa vitu vya kusafishia sakafu, masinki na vyoo.

Daktari alimgeukia nesi, wakaambiana maneno mafupi.

"Ipi? Unaweza kujua ni ipi?"

Denise aliijua nyumba ya wifi yake mpaka chini ya sinki. "Ya bluu," alisema. "Yenye harufu ya msonobari. Kuna na nyingine ya kuzibulia mabomba, lakini ile naona aliimaliza."

Maombi alisikia yote na kuyaelewa yote. Alitikisa kichwa kwa nguvu zake zote. Nesi alimshika mabega na kumwambia atulie, wako naye.

"Ilikuwa bahati mbaya?" daktari aliuliza kwa sauti ya chini. "Au alikusudia?"

Denise alimtazama Maombi, aliyefunga bila kumwambia mtu, aliyekuwa akiondoka ondoka mezani jioni nzima, aliyetoka chooni akilia. Akafunika uso kwa kitambaa chake.

Hilo lilitosha kuwa jibu. Walimweleza Maombi kwamba watamlaza usingizi na kumpitishia mpira wa kupumulia kabla njia ya hewa haijafunga kabisa, na kitu cha mwisho alichokisikia ni Denise akilitamka jina la ile chupa ya bluu herufi moja moja, ili liandikwe bila makosa.

Alipoamka, mpira ulikuwa umeshatolewa, koo lilikuwa kidonda kitupu, na Urbain alikuwa amekaa kando ya kitanda na koti lake mwilini. Alikuwa amenyoa vibaya. Maombi alifungua mdomo.

"Usiseme," alisema Urbain. "Madaktari wamekataza. Acha mimi niseme."

Naye akasema. Alisema kwamba ameondoa sabuni zote nyumbani, hata ya nywele. Alisema kama ni ile cherehani ya mkewe, basi amsamehe. Ni kweli haiko kwa fundi, aliigawa kwa rafiki yake Papy miaka miwili iliyopita, na kila siku alikuwa akitafuta namna ya kumwambia. Alisema kama ni mama yake kukaa nao miezi minane badala ya miwili, hilo pia lilikuwa kosa lake. Kama ni Oslo, kule Oslo hakukutokea kitu, walikula tu samaki.

Maombi hakuwa anajua lolote kuhusu Oslo. Alimtazama mumewe kwa makini, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakuweza kumkatiza.

Mchana alikuja daktari wa mambo ya akili, mtu wa makamo mwenye sweta la rangi ya haradali, akamwomba Urbain akanywe kahawa. Alimpa Maombi ubao mdogo wa kuandikia na kufuta. Alisema hapa hakuna anayemlaumu. Alisema Novemba ni mwezi mgumu katika nchi hii, hata kwa waliozaliwa hapa.

Maombi aliandika kwa Kiswidi, kwa herufi kubwa: SIKUTAKA KUFA. NILITAKA KUPIMWA UTUMBO.

Daktari alisoma, akasoma tena.

"Kupimwa utumbo," alisema.

IJUMAA. KWA KAMERA. UNGA WA KUSAFISHA TUMBO. PAKITI MBILI.

"Na ile chupa ya bluu?"

NI YA SAKAFU, aliandika Maombi. NAIOSHEA SAKAFU.

Daktari akauliza kama unga ule hauchanganywi na maji kwanza.

UNACHANGANYWA.

"Lakini wewe hukuchanganya."

NILIKUNYWA MAJI BAADAYE.

"Kwa nini?"

Maombi aliushika ubao kwa muda. Alifikiria namna ya kumweleza mtu mwenye sweta la haradali habari za Denise, mzee Gratien, kipaza sauti na droo ya vijiko. Mwishowe aliandika: WAGENI.

Yule bwana aliitikia kwa kichwa, kama mtu ambaye naye ana ndugu. Aliahidi kuwaambia wenzake, na aliwaambia, maana jioni yule daktari mrefu alikuja mwenyewe na kumweleza, sasa polepole kama kwanza, kwamba unga ule ukikutana na maji hutoa joto kali, ndiyo maana hukorogwa na kuachwa upoe kwanza. Ukiwekwa mkavu mdomoni, joto lote hubaki mdomoni na kooni, na kifuniko kidogo kilicho juu ya njia ya hewa huvimba. Ambulansi ingechelewa, asingekuwa anaelezwa. Kisha akamwambia kwa huzuni ya kiofisi kwamba kipimo chenyewe hakijafanyika, kwa hiyo itabidi kusafisha upya.

Jumapili, baada ya ibada, Denise aliingia wodini na chupa ya uji. Macho yalikuwa yamemvimba. Alimweleza Maombi kwamba ukumbi mzima umemlilia. Wamemwombea kwa jina. Ndiyo, na Vårby gård wameitaja. Na ghorofa.

Maombi aliandika: NA CHUPA?

"Na chupa," alisema Denise. "Ili wengine wenye mawazo kama yako wasiinunue."

Maombi aliweka ubao kifuani, akatazama dari. Alikuwa na njia mbili tu mbele yake. Anaweza kukaa kimya, akawa mwanamke aliyekunywa sabuni ya sakafu. Watu watampisha kwenye foleni na kushusha sauti akipita, na Urbain ataendelea kuungama mpaka aishiwe. Au aseme alichokuwa anakificha, tumbo lake lijulikane kutoka Bredäng mpaka Norsborg. Alikaa na hilo muda ambao Denise alimaliza kummiminia uji na kuupoza. Kisha akaandika, kwa Kiswahili, na safari hii hakuacha neno.

Denise alisoma: *dawa ya kusafisha tumbo*. Aliishusha miwani, akaipandisha.

"Tumbo," alisema.

Maombi aliitikia.

"Neno moja, Maombi! Ungeongeza neno moja tu! Mimi nimekwenda kusema mbele ya watu..." Alikaa kwenye kiti cha Urbain. "Lakini kwa nini hukuniambia kwamba unaumwa? Mimi ni nani kwako?"

Maombi aliandika jina moja: GRATIEN.

Denise aliliangalia jina lile muda mrefu. Alichukua kitambaa cha kufutia, akalifuta jina kwenye ubao mwenyewe, taratibu, kona kwa kona, kisha akamlisha wifi yake uji bila kusema neno, jambo ambalo wagonjwa wa vitanda vya jirani hawakujua kwamba ni la ajabu.

Wiki chache baadaye, Maombi alisimama mwenyewe mbele ya ukumbi. Denise alikuwa amejitolea kusahihisha, Maombi akamwambia hapana, asante. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kukwaruza, kama mlango wa ghala, na kipaza sauti kiliifanya iwe mbaya zaidi. Alisema hakunywa sabuni. Alisema alikuwa akiona damu, chooni, na hapo akanyamaza kidogo kwa sababu neno lenyewe lilikuwa limetoka na ukumbi haukuanguka. Akasema alitakiwa kusafisha tumbo kwa ajili ya kipimo, akaumeza unga mkavu kwa kuwaficha watu, ukamuunguza nusura afe. Mwenye kupewa dawa ile aikoroge na maji, aiache ipoe, aje nani au asije nani. Akashuka.

Hakuna aliyepiga makofi, wala si jambo la kupigiwa makofi. Lakini wakati wa kahawa Josiane alimvuta kwenye ngazi na kumwuliza damu yenyewe ilikuwa na rangi gani, kwa sababu kuna mtu anamjua. Aliyefuata alikuwa mzee Anselmo, mstaafu wa Kitanzania aliyekuja Sweden zamani kusomea ufundi wa meli. Yeye alisema wazi kwamba anayeuliziwa ni yeye mwenyewe. Maombi aliwajibu wote. Alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi, akaona pia kwamba haifurahii, na kwamba si lazima aifurahie.

Kipimo kilifanyika baada ya mwaka mpya. Mara hii alipewa dawa nyingine, ya kunywa kwa malita, yenye chumvi, isiyochemka wala kupata moto. Urbain alichukua likizo ili awepo, akalala kwenye kochi. Denise alikuja asubuhi bila kualikwa, akajaza jagi, akaikoroga dawa mpaka Maombi akamwambia inatosha, akaendelea kuikoroga. Kila glasi aliijaribu kwanza kwa kidole kupima joto. Mtu alipopiga kengele, Denise alikwenda mlangoni, na Maombi, aliyekuwa njiani kwenda alikokuwa akienda siku nzima, alimsikia akisema kwa heshima kwamba leo haiwezekani, mama wa nyumba yuko chooni.

Walimkuta na vinyama viwili, wakavikata hapo hapo na kuvipeleka kuchunguzwa. Majibu yalipokuja yalisema havikuwa saratani, ila vingeachwa vingeweza kufika huko. Arudi baada ya miaka mitatu. Maombi alimsomea Urbain, kisha akampigia simu Denise na kumsomea yeye pia, yote, pamoja na ukubwa wa vile vinyama na mahali vilipokuwa.

"Nimuombe Mungu nimshukuru?" aliuliza Denise. "Kimya kimya?"

"Kwa sauti tu, Yaya," alisema Maombi. "Ila ghorofa uiache."